MUUGUZI ATUULIZE KAZI YETU



Mwanafunzi wa uuguzi hufundishwa mapafu mapema katika masomo yake. Huonyeshwa picha za mbavu na mirija ya hewa, hujifunza kuhesabu pumzi za mgonjwa, na hufundishwa dalili za kifua kikuu, pumu na kichomi. Mafunzo hayo ni mema nasi tunayaheshimu. Lakini sisi tunaoshinda katika vumbi la pamba, la mkonge, la chai, la miwa na la mawe tuna neno la kuongeza. Asipofundishwa pia kwamba hewa ya kazini si sawa na hewa ya nyumbani, elimu hiyo itakuwa nusu, na hasara ya nusu iliyobaki tutailipa sisi kwa pumzi zetu.

Twaandika haya katika ukurasa wetu wa Kiswahili kwa sababu maalum. Katika kambi za mashamba na viwanda hapa Uganda wamo watu wa makabila mengi, na wengine wametoka Kenya, Kongo na Rwanda. Mara nyingi lugha ya kwanza ya mgonjwa siyo ya muuguzi. Kiswahili ndicho kinachowakutanisha pale dirishani pa zahanati. Basi maneno ya kifua na vumbi yafaa yajulikane na pande zote mbili.

JINSI PUMZI INAVYOFANYA KAZI

Kwanza tuelewane juu ya mapafu yenyewe, maana mtu hawezi kudai asichokijua.

Mapafu ni mawili. La kulia lina sehemu tatu na la kushoto lina mbili, kwa kuwa limeuachia moyo nafasi. Chini yake kuna msuli mpana uitwao kiwambo. Kiwambo kikishuka na mbavu zikipanuka, hewa huingia. Kikilegea na kupanda, hewa hutoka. Hewa hupita puani, ikashuka katika bomba kubwa la kooni, kisha katika mirija inayogawanyika kama matawi ya mti, hadi ifike kwenye vifuko vidogo sana vya hewa. Vifuko hivyo ni yapata milioni 300 au zaidi. Lau vingekunjuliwa na kutandazwa chini, vingefunika kama mita za mraba 70, yaani karibu sakafu za vyumba vinane vya kambi vya mita tatu kwa tatu. Humo ndimo damu inamochukua oksijeni na kutoa hewa iliyotumika.

Mtu mzima aliyetulia huvuta pumzi mara 12 hadi 20 kwa dakika, na kila pumzi ni kama nusu lita. Basi kwa dakika moja hupitisha lita 6 hadi 10. Lakini mtu anayebeba marobota au anayekata miwa aweza kupitisha lita 40 na zaidi kwa dakika hiyo hiyo. Jambo hili tulishike vizuri. Bwana mkubwa anayepita chumbani kwa dakika tano akasema, “Mbona mimi sioni taabu?” hakuvuta vumbi kama alilovuta mchukuzi aliyemo humo tangu alfajiri.

Mwili una walinzi wake. Vinyweleo vya pua huzuia chembe kubwa, ute wa mirija hunasa nyingine, na vijinyweleo vidogo sana vilivyomo ndani huusukuma ute huo juu hadi tukaukohoa. Moshi wa sigara huvilemaza vijinyweleo hivyo. Lakini hata asiyevuta sigara hawezi kuzuia chembe zilizo ndogo kabisa, zile za chini ya sehemu 5 za elfu za milimita. Hizo hufika hadi kwenye vifuko. Kwa hiyo vumbi tunaloliona juu ya nywele na nguo silo baya kupita yote. Lililo baya zaidi ni lile ambalo jicho halilioni.

Madhara yake, kwa kifupi, ni ya namna mbili. Namna ya kwanza mirija hubana, na hewa ikapita kwa taabu, hasa wakati wa kutoka. Pumu imo katika kundi hili, na maradhi ya vumbi la pamba yaitwayo bisinosisi pia. Namna ya pili ni mapafu yenyewe kufanya makovu na kukakamaa kama mpira wa baiskeli uliokauka, yasiweze tena kupanuka. Hapo ndipo ilipo silikosisi, maradhi ya vumbi la mawe yenye silika, na silikosisi haina dawa ya kuiponya.

UGONJWA UNAOJUA SIKU

Tutoe mfano wa pamba. Zao hili liliingizwa Uganda mwaka 1903, na tangu hapo limewapa watu wengi riziki, shambani, katika vinu vya kuchambulia, na baadaye katika viwanda vya nguo. Mfanyakazi wa chumba cha kufungulia marobota au cha mashine za kuchana pamba aweza kukaa miaka mingi bila shida kubwa. Kisha huanza kuona kwamba Jumatatu, baada ya kupumzika Jumapili, kifua chake kinabana saa chache baada ya kuanza kazi. Jumanne huona nafuu. Ijumaa amesahau. Juma linalofuata, Jumatatu, hali ni ile ile.

Akiendelea kukaa katika vumbi, kubana kule huingia Jumanne, halafu Jumatano, mwishowe huwa kwa kila siku. Hapo mirija imekwisha haribika, na hata akiacha kazi pumzi haimrudii ilivyokuwa. Mwanzoni mtu huyu alikuwa wa kuokolewa kwa kuondolewa tu katika vumbi. Baada ya miaka hakuna wa kumwokoa. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Vumbi la mkonge nalo huleta malalamiko ya kifua. Ndugu zetu wa Tanzania wanakijua chumba cha brashi, ambamo nyuzi zilizotoka kwenye korona na kuanikwa husafishwa, na vumbi hutanda kama ukungu. Mwaka 1978 gazeti la Uingereza la tiba ya viwandani lilichapisha uchunguzi uliofanywa juu ya vifua vya wafanyakazi wa mkonge wa Tanzania na nguvu za pumzi zao. Basi habari hii haikuanza leo, wala si uzushi wa vyama vya wafanyakazi.

VIPIMO VYAWEZA KUSEMA “MZIMA”

Sasa tumtazame mfanyakazi huyu wa pamba akienda zahanati. Huenda Alhamisi, kwa sababu Jumatatu nyapara hakumpa ruhusa. Muuguzi humsikiliza kifua, hasikii kitu. Humtia kipimo cha kidoleni cha kupima oksijeni ya damu, kikaonyesha 97 kwa mia. Pengine hupelekwa kupigwa picha ya kifua, nayo ikatoka safi. Huandikiwa dawa ya kikohozi na kuambiwa arudi kazini. Jirani zake wakasema ni mvivu.

Muuguzi huyo hakudanganya, ila vipimo alivyotumia havikufaa kwa ugonjwa huo. Mwanzoni mwa bisinosisi, picha ya kifua kwa kawaida haionyeshi lolote. Oksijeni ya damu nayo hubaki sawa kwa muda mrefu, kwa sababu mapafu yana akiba kubwa. Ikishuka, akiba imekwisha liwa. Kinachofaa ni kupima nguvu ya pumzi. Kuna chombo kidogo cha mkononi ambacho mtu hukipuliza kwa nguvu zake zote, na mshale ukaonyesha kasi ya pumzi yake. Apulize Jumatatu kabla ya kuingia kazini, apulize tena siku hiyo hiyo baada ya zamu. Mshale ukishuka sana, kazi inashitakiwa. Kwa pumu ya kazini hupulizwa kama mara nne kwa siku, kwa majuma mawili hadi manne, siku za kazi na za mapumziko pia, ili zilinganishwe. Chombo chenyewe hakihitaji umeme wala fundi. Mwanafunzi wa uuguzi aweza kufundishwa kukitumia katika kipindi kimoja.

Hatari nyingine ni homa. Makapi ya miwa yakirundikwa na kuota ukungu, vumbi lake laweza kumpa mtu homa, kikohozi na kukosa pumzi saa nne hadi nane baada ya kulivuta. Huyo hufika zahanati jioni akitetemeka. Katika nchi zetu kila atetemekaye hudhaniwa ana malaria. Apimwe malaria, ndiyo, lakini kipimo kikikosa vijidudu, muuguzi aulize alishinda wapi. Vivyo hivyo kwa mnyunyizaji wa dawa za wadudu katika maua. Akija kifua kinakoroma, mate yanamtoka, jasho linamtiririka, na mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano, huyo asidhaniwe ana pumu ya kawaida. Huenda ni sumu, na kila dakika ina thamani.

Hatusemi kifua kikuu kiachwe. Anayekohoa majuma mawili apimwe makohozi, na akikutwa nacho anywe dawa mpaka mwisho. Tena vumbi la silika huzidisha hatari ya kupata kifua kikuu, kwa hiyo mpasua mawe aweza kuwa na maradhi yote mawili pamoja. Tunachokataa ni mtu kupewa dawa za kifua kikuu mara ya pili na ya tatu, hali makohozi hayaonyeshi kitu, na hakuna aliyemwuliza kama aliwahi kupasua mawe au kuchimba mgodini. Silikosisi yaweza kujitokeza miaka mingi baada ya mtu kuacha kazi hiyo. Basi aulizwe kazi ya leo na za zamani pia.

SWALI LISILO NA GHARAMA

Mwaka 1700 daktari wa Italia aitwaye Bernardino Ramazzini alitoa kitabu juu ya maradhi ya watu wa kazi mbalimbali. Aliwashauri madaktari waongeze swali moja juu ya yale waliyozoea kumwuliza mgonjwa: Kazi yako ni ipi? Imepita miaka zaidi ya 300, na bado katika zahanati nyingi tunaulizwa jina, umri na kijiji, kazi haiulizwi, au huandikwa “kibarua” basi. Kibarua wa nini? Anayechuma chai uwanjani na anayechekecha chai kavu ndani ya kiwanda wote ni vibarua, lakini vifua vyao haviishi katika hewa moja.

Huko Lancashire, Uingereza, daktari Richard Schilling aliwachunguza wafanyakazi wa pamba katika miaka ya 1950. Njia aliyoitegemea kuutambua ugonjwa na kuupanga kwa ngazi ilikuwa kuwauliza wafanyakazi wenyewe: Je, kifua chako hubana? Siku gani? Ni Jumatatu tu, au na siku nyingine? Hayo ni maswali ambayo muuguzi yeyote aweza kuyauliza kwa Kiswahili bila senti moja kutoka mfukoni mwa mwajiri.

Na haki hufuata maandishi. Uingereza ilianza kuwalipa wagonjwa wa bisinosisi mwanzoni mwa miaka ya 1940, kwanza wanaume tu. Marekani iliweka sheria ya kupunguza vumbi la pamba mwaka 1978, baada ya wafanyakazi wenye vifua vilivyoharibika kujiunga na kupaza sauti. Wenye viwanda walikwenda mahakamani wakidai gharama ni kubwa. Mwaka 1981 Mahakama Kuu kabisa ya nchi hiyo iliamua kwamba sheria haitaki afya ya mfanyakazi ipimwe kwenye mizani ya hasara na faida kwanza.

Tutazame na Afrika Kusini. Silikosisi katika migodi ya dhahabu ilijulikana tangu mwanzo wa karne ya 20. Lakini ilikuwa mwaka 2019 ndipo Mahakama Kuu ya Johannesburg ilipoidhinisha mapatano ya fidia ya kiasi cha randi bilioni 5 kwa wachimbaji waliofanya kazi huko tangu mwaka 1965, wakiwamo watu wa Msumbiji, Lesotho na Malawi. Wengi walikuwa wamekwisha kufa. Aliye hai, ili alipwe, hana budi kuthibitisha alifanya kazi wapi na mapafu yake yana nini. Hapo karatasi ya zahanati iliyoandikwa vizuri ina thamani kwa mjane kuliko maneno mengi ya kumpa pole.

Hapa kwetu Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000 inatambua maradhi yatokanayo na kazi, si ajali peke yake. Kenya ina sheria yake ya 2007, na Tanzania ina mfuko wa fidia ulioanza kazi mwaka 2015. Lakini kidole kilichokatwa na mashine huonekana na wote. Pumzi iliyokatwa na vumbi haionekani mpaka muuguzi aiandike.

MAJIBU KWA WANAOPINGA

Waajiri wengine husema, “Hawa huvuta sigara.” Ni kweli baadhi yetu tunavuta, na tunawasihi wenzetu waache, kwa kuwa sigara na vumbi vikikutana humvunja mtu haraka zaidi. Lakini sigara haibani kifua siku ya Jumatatu na kukiachia Ijumaa. Tena wako kina mama wa vyumba vya nyuzi ambao hawajagusa sigara maishani mwao.

Wengine husema, “Tumewapa vitambaa vya kufunga pua.” Kitambaa huzuia uchafu mkubwa, zile chembe ndogo hupita. Dawa ya vumbi ni kulizuia linakotoka: mashine zifunikwe, vumbi livutwe nje kwa feni na mabomba, mawe yatobolewe kwa maji, sakafu isifagiliwe kavu wala kupulizwa kwa hewa ya mgandamizo. Barakoa ya kweli, inayokaa vizuri usoni, ije baada ya hayo, si badala yake.

Lakini upinzani mgumu kuliko yote hutoka kwetu wenyewe. Mfanyakazi husema, “Nikimweleza muuguzi, ataandika, meneja atasoma, nami nitafukuzwa. Heri nikohoe kimya.” Hofu hii si ya kijinga. Tumeona watu wakinyimwa mkataba mpya baada ya kukohoa mbele ya nyapara. Hatuwezi kumwambia mwenye watoto watano kwamba asiogope, halafu tukamwacha peke yake.

Kwa hiyo twasema wazi: kupima vifua bila kulinda ajira ni kuwatega wafanyakazi. Mapatano namba 148 ya mwaka 1977 ya Shirika la Kazi la Kimataifa, kifungu cha 11, yanasema uchunguzi wa afya wa namna hii usimgharimu mfanyakazi. Yanasema pia kwamba ikionekana hafai kuendelea katika hewa ile, ifanywe kila juhudi apewe kazi nyingine inayomfaa, au kipato chake kilindwe. Na mwaka 2022 Shirika hilo liliiweka haki ya mazingira salama ya kazi miongoni mwa haki za msingi, sawa na haki ya kujiunga na chama. Tunapodai hayo, hatuombi zawadi.

Wala muuguzi asionekane kuwa adui. Naye ni mfanyakazi kama sisi. Mara nyingi yuko peke yake zahanatini, mshahara wake hutoka kwa kampuni ile ile, na akiandika “ugonjwa wa kazi” aweza kuulizwa kwa ukali. Akitulinda sisi, nasi tumlinde yeye. Siri ya mgonjwa ni ya mgonjwa, na meneja ana haki ya kujua kwamba chumba fulani kina vumbi la hatari, hana haki ya kusoma kadi ya kila mtu.

TUNAYOYADAI

Kwanza, kila shule ya uuguzi ifundishe maradhi ya kifua yatokanayo na kazi pamoja na yale mengine, na wanafunzi wapelekwe viwandani na mashambani waone vumbi kwa macho yao na kuzungumza na wenye vifua.

Pili, kadi ya zahanati iwe na mistari mitatu: kazi ya sasa na chumba chake, kazi za zamani, na siku ambazo dalili huzidi.

Tatu, kila zahanati ya kiwanda chenye vumbi iwe na chombo cha kupuliza, na kila mfanyakazi apimwe anapoajiriwa, kisha kila mwaka, apewe nakala ya majibu yake.

Nne, mikataba ya pamoja tunayojadiliana na waajiri iwe na kifungu cha kumhamisha mgonjwa wa vumbi katika kazi nyingine bila kupunguziwa mshahara. Wajumbe wetu wasitie sahihi bila kifungu hicho.

Tano, inapoonekana kwamba watu wa chumba kimoja wanaugua namna moja, mkaguzi wa kazi aitwe apime hewa ya chumba hicho, badala ya kila mmoja kupewa chupa yake ya dawa.

Nasi tuna wajibu wetu. Mficha maradhi kilio humuumbua. Mwenye kifua kinachobana aandike siku na saa, au amwombe mwenzake amwandikie. Aende zahanati siku ile ile kinapobana, asingoje Alhamisi, na mjumbe wa chama amsaidie kupata ruhusa. Akifika aseme kwa sauti: “Sista, mimi ni mtu wa mashine za kuchana pamba, mwaka wa tisa sasa, na Jumatatu hushindwa kupumua.” Asingoje kuulizwa. Na wajumbe wakusanye habari hizo chumba kwa chumba, bila kutaja majina, wazilete kwenye mkutano wa tawi.

Umoja ni nguvu.